Kipande House: Habari za Nyumba Kuukuu Kama Zipatikanavyo Katika Nyaraka



Katika Mkutano Mkuu wa mwaka huu palizuka hoja juu ya nyumba ile ya mawe iliyoko Kenyatta Avenue mjini Nairobi, ijulikanayo kwa watu wote kwa jina la Kipande House. Mwanachama mmoja alitaka Chama kiandike barua kuomba jina hilo lifutwe. Sababu yake ilikuwa kwamba Serikali ya kikoloni iliijenga nyumba hiyo makusudi ili kuwavika baba zetu kamba shingoni, na kwamba haifai jina la fedheha namna hiyo kubaki katika mji mkuu wa nchi huru. Mzee mmoja akamjibu kwamba baba yake mzazi alisimama katika mstari mahali pale, wala yeye hapendi mahali pale pasahaulike. Maneno yakawa mengi, saa zikapita, na mwishowe Kamati ikaniagiza mimi, kwa kuwa kazi yangu ni ya ukarani na nimezoea majalada, nitazame nyaraka zasemaje, kisha niandike katika kijitabu hiki ili kila mwanachama asome kabla ya shauri hili kuletwa tena.

Neno la kwanza nitakalolisema huenda likawashangaza wengi. Nyumba hii haikujengwa kwa ajili ya kipande. Ilijengwa mwaka 1913, na mjenzi wake alikuwa Gurdit Singh Nayar, Mhindi aliyekuwa akifanya kazi ya ukandarasi katika mji uliokuwa bado mchanga. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899 tu, na makao makuu ya Serikali yalihamishwa kutoka Mombasa mwaka 1905. Nyumba nyingi za mji zilikuwa bado za mabati na mbao, hata nyumba ya mawe yenye ghorofa ilikuwa jambo la kutazamwa na wapita njia. Yasemekana kazi yake ya kwanza ilikuwa ghala la mizigo ya reli. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, na kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza haikuanza kutekelezwa ila mwishoni mwa mwaka 1919. Kwa hiyo kipande cha kwanza kilipotolewa, kuta hizi zilikuwa zimekwisha kusimama miaka sita. Mtu akitaka kuilaumu nyumba kwa sababu ya kuzaliwa kwake, tarehe zamkataza.

Hata hivyo sitaki mwenzetu aliyeleta hoja aonekane kwamba hakuwa na msingi wowote. Miaka ile ile ya 1912 na 1913, fundi wakichonga mawe ya nyumba hii, Tume ya Serikali juu ya kazi za Waafrika ilikuwa ikisikiliza malalamiko ya masetla. Masetla walidai kwamba vibarua wao wanatoroka, na kwamba mtu akisha kutoroka hapatikani tena kwa maana hana alama ya kumjulisha. Tume ikashauri iwepo njia ya kumtambulisha kila mfanya kazi. Basi nyumba na shauri la kipande vilikua pamoja katika mji mmoja, kila kimoja kwa upande wake, mpaka vikakutana.

Huenda wasomaji wakauliza, je, habari za nyumba zatafutwaje katika makaratasi? Nitaeleza kidogo, kwa kuwa najua wanachama wengine wana mashauri ya nyumba na viwanja vya marehemu wazee wao, na njia ni hiyo hiyo.

Mtu akienda kuuliza habari za Kipande House katika karatasi za mwaka 1913 atarudi mikono mitupu. Jina hilo lilikuwa halijakuwako. Hata njia yenyewe haikuitwa Kenyatta Avenue. Hapo kwanza iliitwa Sixth Avenue. Baadaye ikaitwa Delamere Avenue, kwa kumkumbuka Lord Delamere, mkubwa wa masetla, aliyefariki mwaka 1931. Ndipo baada ya Uhuru ikapewa jina la Mzee Jomo Kenyatta. Kadhalika Moi Avenue ilikuwa Government Road, Kimathi Street ilikuwa Hardinge Street, na Tom Mboya Street ilikuwa Victoria Street. Nchi nayo ilikuwa na jina jingine: mpaka mwaka 1920 karatasi zote zasema East Africa Protectorate, wala hutaona neno Kenya Colony kabla ya hapo. Yampasa mtafutaji ajifunze majina haya kama mgeni ajifunzavyo majina ya koo, ama sivyo atapita mbele ya jambo alitakalo bila kulitambua.

Kilicho imara zaidi ni namba ya kiwanja. Majina ya njia hubadilika pamoja na watawala, wenye nyumba hufa au huuza, wapangaji huja na kuondoka; lakini kiwanja kilichopimwa huwekwa katika ramani ya wapima ardhi kwa namba, na hati za kuuza, za kukodisha na za kuweka rehani huifuata namba hiyo kama ndama wamfuatavyo mama yao. Karibu na hati hizo kuna vitabu vya kodi za majumba vya Baraza la Mji. Tena kuna Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza mwaka 1899, ambalo watu hulidharau kwa kuwa ni kavu kusoma. Humo mna sheria zote kama zilivyotangazwa, ilani za viwanja, majina ya maofisa na siku walizoshika kazi. Mimi napenda kusoma Gazeti Rasmi kuliko ripoti za mwaka za maofisa. Ripoti iliandikwa ili msomaji wa London afurahi. Ilani iliandikwa ili mtu atii, na kwa sababu hiyo haina haja ya kupamba.

Nyaraka nyingi za namna hii zimewekwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Nayo imo katika jumba lililokuwa la National Bank of India, pale Moi Avenue. Hapa pana jambo lililonifanya nicheke peke yangu. Mwaka 1976 Kipande House ilinunuliwa na Benki ya Biashara ya Kenya. Basi nyumba iliyokuwa ya karatasi za watu imekuwa ya fedha, na nyumba iliyokuwa ya fedha imekuwa ya karatasi za watu.

Si kila kitu kimo humo. Mwaka 1939 moto uliunguza ofisi za Makao ya Serikali hapa Nairobi, na majalada mengi ya miaka ya kwanza ya utawala yakateketea. Tena, Uhuru ulipokaribia, maofisa wa kikoloni walichoma majalada mengine, na mengine wakayapeleka Uingereza kwa siri. Miaka mingi tuliambiwa kwamba hayapo. Mwaka 2011, wakati wazee wetu walioteswa siku za Hali ya Hatari walipokuwa wakidai haki yao katika mahakama ya London, Serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa ikiyaweka majalada hayo wakati wote. Barua walizoandikiana Magavana na Wizara ya Makoloni zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, mahali paitwapo Kew, chini ya alama CO 533. Na filamu za nyaraka nyingi za Kenya zilipelekwa Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Mtu wa Nairobi atafutaye habari za nyumba aliyoipita kila siku akienda kazini huenda akaambiwa kwamba karatasi yake iko ng'ambo ya bahari mbili.

Sasa nirudi kwa kipande chenyewe, kwa maana vijana wetu wanalisikia neno na hawajui kitu. Sheria ilimtaka kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza yapata miaka 16 aandikishwe. Aliandikwa jina lake, kabila lake, wilaya yake na chifu wake, akatiwa alama za vidole. Karatasi ile ilikunjwa ikatiwa katika mkebe mdogo wa bati, na mkebe ukafungwa kwa kamba na kuvaliwa shingoni. Kila mwajiri aliandika siku aliyomchukua mtu kazini, mshahara, na siku aliyomwachilia, kisha akatia sahihi. Hapo ndipo ulipokuwa ubaya wake. Mtu ambaye kipande chake hakikutiwa sahihi ya kuachiliwa hakuweza kuandikwa kazi mahali pengine, hata kama bwana wake wa kwanza alimdhulumu mshahara au alimpiga. Alama za vidole ziliwekwa katika daftari kuu Nairobi, na aliyetoroka shambani Nakuru aliweza kukamatwa Mombasa. Asiyekuwa na kipande alitozwa faini au alifungwa. Wanawake hawakuandikishwa, wala Wazungu na Wahindi. Wazee wa Kikuyu waliuita mkebe ule mbugi, yaani njuga ya mbuzi, na nadhani hakuna mwandishi wa vitabu aliyepata kulieleza jambo hili kwa neno lililo fupi na kali kuliko hilo.

Neno kipande ni la kale kuliko sheria. Maana yake twaijua sote, sehemu ya kitu. Katika mashamba, hasa ya mkonge huko Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Kila siku iliyotimizwa ilitiwa alama, na mshahara haukulipwa mpaka kadi ijae. Sheria ya 1915 kwa Kiingereza ilisema cheti cha kuandikishwa. Wananchi wakakiita kipande, na jina lao likashinda, hata masetla wakalitumia katika Kiingereza chao. Na nyumba iliyokuwa na ofisi ya vipande ikapata jina lake kwa njia hiyo hiyo, kwa kutajwa na waliolazimika kwenda huko. Nawaomba wanachama walishike jambo hili, kwa maana hoja yetu yote imesimama juu yake. Mjenzi ametuachia mawe. Serikali imetuachia sheria. Jina ni letu sisi.

Tukiwa bado katika njia ile ile ya Kenyatta Avenue, kuna sanamu za askari na mchukuzi zilizosimamishwa mwaka 1928 kwa ukumbusho wa Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Wachukuzi wale, ambao kambi yao ndiyo iliyouzaa mtaa wa Kariokor, walikufa maelfu kwa maelfu kwa maradhi na njaa, na mishahara ya wengi haikuwafikia jamaa zao. Serikali ilisema kwamba majina yao na makwao hayakujulikana sawasawa. Juu ya sanamu hakuna jina la mchukuzi hata mmoja. Mwaka mmoja tu baada ya Vita kwisha, Serikali hiyo hiyo iliweza kumwandika kila mwanamume wa nchi, jina lake, chifu wake, na vidole vyake. Nimeyasoma mambo haya mawili mara nyingi nikiyaweka pamoja. Daftari halikukosekana, lilikosekana kusudi la kuwaandika watu kwa faida yao wenyewe.

Upinzani haukukawia. Mwaka 1921 Harry Thuku, kijana aliyesoma misheni na kufanya kazi ya simu katika Hazina ya Serikali hapa Nairobi, aliongoza watu kulalamika juu ya kipande, kodi, kupunguzwa kwa mishahara, na kazi ya lazima ya wanawake na wasichana. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi wakitaka aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akawatia wanaume haya kwa kutokwenda mbele, bunduki zikalia. Serikali ilihesabu waliokufa 21, na walioshuhudia walisema ni wengi zaidi. Thuku akapelekwa Kismayu, asirudi kwao mpaka miaka yapata minane ilipopita.

Upande wa Nyanza, mwezi wa Desemba 1921, vijana wa Piny Owacho walikutana Lundha katika Gem, na kipande kilikuwa mojawapo ya mashauri yao. Kutokana na mkutano huo, mwaka 1923, kulitokea chama cha walipa kodi wa Kavirondo, Archdeacon Owen akiwa mkubwa wake. Chama hicho katika jina lake la Kiingereza kilijiita chama cha ustawi, kama sisi tujiitavyo leo. Wako wanaosema kwamba neno hilo liliwapoza watu, wakaacha siasa wakashika vyoo na miti ya kupanda. Nionavyo mimi hukumu hiyo ni ngumu mno. Lakini wazee waliokuwamo ndio wajuao, na wengi wao wametangulia.

Kilio hicho kiliendelea zaidi ya miaka ishirini. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, alikuwa miongoni mwa waliolisukuma jambo hilo. Mwaka 1947 ikapitishwa Sheria ya Kuandikisha Watu, iliyowaweka watu wa kila rangi katika daftari moja. Hapo ndipo twaona kichekesho. Wazungu walipoambiwa nao watie vidole katika wino, walikasirika sana, wakasema ni kufanywa kama wahalifu. Serikali ikamweka Sir Bertrand Glancy alichunguze shauri hilo, na katika mwaka 1950 alishauri kwamba mtu awezaye kujaza fomu kwa Kiingereza na kutoa picha yake asamehewe alama za vidole. Baba zetu walikuwa wametia vidole vyao miaka thelathini, na malalamiko yao hayakupata kupewa tume ya namna hiyo.

Baada ya kuyasoma haya yote, shauri langu kwa Kamati ni kwamba Chama kisiandike barua ya kuomba jina lifutwe. Najua ndugu yetu aliyeleta hoja ataona kwamba nimemkataa. Lakini hebu atazame. Kipande kimekwisha kuondoka shingoni, na majalada mengi yameungua au yako Uingereza. Tukiliondoa na jina, mtoto wetu apitaye Kenyatta Avenue ataona benki tu, nyumba nzuri ya mawe ya zamani. Wala hakuna atakayemwambia kwamba mawe yale yaliguswa na mabega ya watu waliosimama mstarini. Hata hivyo nakubaliana naye katika jambo moja, na naomba liandikwe katika kumbukumbu za mkutano: jina peke yake halitoshi. Kama tutaandika barua, na iwe ya kuomba maneno machache ya Kiswahili yaandikwe mahali panapoonekana, yaseme kipande kilikuwa nini, tangu mwaka gani mpaka mwaka gani.

Liko jambo la pili, nalo ni letu wenyewe, halihitaji barua kwa mtu yeyote. Karatasi za nyumba zaweza kutafutwa Nairobi au Kew. Karatasi za waliosimama mstarini zimo katika masanduku ya nyumbani kwetu, chini ya kitanda cha bibi, ndani ya mkebe ulioingia kutu. Kipande kimoja chaweza kuonyesha mahali marehemu alipofanya kazi, mwaka hata mwaka, mshahara wake ulipandaje, alikaa wapi wakati wa njaa na wakati wa Vita ya Pili. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo karatasi ya kwanza kabisa yenye jina la ukoo wao. Chifu aliyeandikwa humo, na wilaya iliyoandikwa humo, vimewahi kuwa ushahidi wa mahali mtu alipotoka.

Kwa hiyo Kamati imekubali kufungua daftari. Mwenye kipande cha babake au babu yake na akilete ofisini Jumamosi yoyote kabla ya saa sita. Hatutakichukua. Tutakinakili neno kwa neno, pamoja na makosa ya tahajia, kwa maana karani aliyeandika jina vibaya huenda ndiye aliyewapa watoto jina wanalolitumia mpaka leo. Tafadhali msijaribu kuikunjua karatasi kwa nguvu, wala msiusugue mkebe kwa majivu au mafuta ya taa. Kama mzee aliyekivaa bado yu hai, na wako wachache wa umri huo, na aje naye apewe kiti, aulizwe pole pole, na maneno yake yaandikwe upande wa pili wa ukurasa.

Mpaka kijitabu hiki kinapokwenda kupigwa chapa, vimeletwa vipande vinne. Viwili vyasomeka vyote. Cha tatu kina sahihi za waajiri saba, na sahihi ya kuachiliwa ya yule wa mwisho haipo. Cha nne ni mkebe mtupu, kamba yake ingalimo.